Kiti cha Shosho Selina

Nitawasimulia, ila msinitazame sana usoni, maana mpaka leo kuna watu wa mtaa wetu wa Mbotela wakiniona napita wanainamisha vichwa na kufumba macho kama wako kanisani, halafu wanacheka, na mimi najua vizuri wanachocheka. Sikatai. Yote niliyafanya mwenyewe, kwa kalamu yangu na kwa mdomo wangu, na yalianza na uamuzi mdogo kabisa wa Jumanne moja ya mvua.

Naitwa Mumbua. Nafanya kazi kwenye shirika dogo la mtaani (jina silitaji, limeshaaibika vya kutosha), na ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kijamii, chenye meza mbili na kabati lisilofunga. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Khaemba, mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ya chini, ambaye alilianzisha hilo shirika baada ya mzee mmoja jirani yake kufariki chumbani na kukaa siku tatu bila mtu yeyote kujua. Kazi yetu ni kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao. Tunawapelekea unga, mafuta, sabuni na dawa zao za kliniki, lakini Mwalimu alikuwa anatuambia kila mara kwamba unga si kazi, unga ni sababu ya kubisha mlango. Kazi yenyewe ni kuingia, kukaa kitako, kusikiliza, na kuandika kwenye fomu maneno ya mzee vile alivyoyasema. Ile fomu ina mstari mmoja umeandikwa: Leo amesema nini? Huo mstari ndio ulioniangusha.

Mimi nilipewa wazee wanane, na mmoja wao alikuwa bibi tuliyemwita Shosho Selina. Mjane wa miaka themanini na kitu, kwao Vihiga, mwembamba, msafi, mwenye macho yaliyoingia ndani na ambayo hayakupepesa mara nyingi kama ya watu wengine. Mumewe, Zablon, alifanya kazi kiwanda cha sabuni na alifariki zamani, mimi bado niko shule ya msingi. Lakini ukiingia kwa Shosho, kitu cha kwanza alichokuwa anafanya ni kugeukia lile pazia lililogawa chumba katikati na kusema, bila haraka, "Zablon, mgeni amefika." Kisha alikuwa anaweka vikombe vitatu mezani na kumimina chai katika vyote vitatu.

Hilo nililizoea. Wazee wana mambo yao, na wale wanane kila mmoja alikuwa na lake. Nilikunywa chai yangu, nikaandika maneno yake, nikaenda. Mpaka siku moja, nikiwa katikati ya kumsomea maagizo ya dawa ya presha, nikasikia kikohozi nyuma ya pazia. Kikohozi kikavu, cha mzee mwanaume, mara mbili, kama mtu anayetaka kuingilia mazungumzo. Shosho hakushtuka. Aligeuza tu kichwa akaliambia pazia, "Subiri amalize."

Niliyamaliza yale maagizo sijui vipi. (Nyumba za pale mnazijua, zimepangwa mgongo kwa mgongo, ukipiga chafya huku jirani anakwambia pole kule, kwa hivyo nilijiambia ni jirani. Lakini sikwenda kuuliza jirani huyo ni nani, na hilo linaonyesha kwamba hata mimi sikujiamini.)

Jumanne iliyofuata ilinyesha. Nilifika kwenye kona ya Shosho na mfuko wangu wa unga, viatu vimejaa maji, nikasimama chini ya kibanda cha Mama Brayo, mama wa makamo anayeuza sukuma wiki na nyanya na anayekaa mlango wa tatu kutoka kwa Shosho. Nilikuwa naangalia ule mlango wa bluu wa Shosho na miguu haitaki kwenda.

"Mumbua, mbona umenyeshewa hivyo?" akaniuliza. "Wacha hiyo kitu hapa. Nitampelekea jioni nikifunga."

Nikaiacha. Ndio uamuzi wenyewe huo. Nikaingia hoteli ya karibu, nikaagiza chai na mandazi, nikatoa fomu, nikaandika: Shosho yuko salama, anasema anashukuru. Nikajiambia ni mara moja tu, kwa sababu ya mvua.

Jumanne ya pili haikunyesha na bado niliuacha mfuko kwa Mama Brayo. Sasa shida ni kwamba huwezi kuandika "anasema anashukuru" kila wiki, Mwalimu ana macho, amesahihisha insha miaka thelathini, kwa hivyo nikaanza kumtungia Shosho maneno. Kwamba goti linamwambia mvua kabla haijaja. Kwamba sabuni ya siku hizi haina povu kama ile aliyokuwa analeta mumewe. Yalinitoka bila shida, na kibaya zaidi yalipendeza, mpaka Mwalimu akaanza kuyasoma kwenye mkutano wa Jumatatu mbele ya wenzangu. "Sikilizeni huyu mama," anasema, "hivi ndivyo mtu anaandika akiwa ameketi na kusikiliza." Mimi naangalia chini, wenzangu wanadhani ni unyenyekevu. Nikafika mahali napenda kumwandika Shosho kuliko nilivyowahi kupenda kumtembelea.

Jumanne ya sita, pale pale hotelini, niliandika: Yuko salama. Anasema sakafu ni baridi lakini Zablon amekaa karibu naye, tusihangaike. Sijui yalitoka wapi hayo. Nakumbuka niliyatazama nikaona ni maneno ya ajabu kidogo, nikataka kuyafuta, halafu chai ikaja.

Jumanne ya saba Mama Brayo aliuona mfuko wangu akatikisa kichwa.

"Usiuache leo. Shosho alituacha."

"Alituacha?"

"Wiki iliyopita. Alianguka hiyo Jumanne, mimi ndio nilimpata kwa sakafu jioni nikimpelekea ule unga wako. Jumatano asubuhi watu wake wakamkujia, wakambeba kwa blanketi. Lakini ni afadhali alienda, vile alikuwa anateseka hapa pekee yake."

Nyinyi mngeelewa nini? Nilitazama mlango wa bluu, una kufuli kubwa, na kipande cha pazia kimebanwa nje ya dirisha, kinapepea. Ningeuliza swali moja tu zaidi, moja, ningejua. Lakini kila swali lilikuwa na jibu lililonihusu. Alianguka saa ngapi? Mimi nilikuwa wapi saa hiyo? Fomu yangu ya Jumanne ile ile ilikuwa ofisini, kwenye faili, inasema yuko salama. Nikasema pole, nikaondoka haraka, na njia nzima nilihisi kama kuna mtu ananifuata nyuma kwa mwendo wa pole. Nikigeuka, hakuna. Nikiendelea, yuko.

Mwalimu aliposikia alivua miwani akaiweka mezani.

"Na wewe ulimwona Jumanne," akasema.

"Nilimwona, Mwalimu. Alikuwa sawa. Lazima ilimpata baadaye."

"Basi hakuwa peke yake siku yake ya mwisho. Hilo ndilo kubwa. Maiti iko wapi?"

"Wamempeleka nyumbani," nikasema. Neno likatoka lenyewe.

Mwalimu akaamua. Jumamosi hiyo tulikuwa tayari na mkutano mkubwa ukumbini, tumealika kikundi kutoka Kiamaiko, wafanyabiashara wa mbuzi wanaotaka kuanzisha shirika kama letu na wanaokuja kutuuliza linavyofanya kazi. Akasema tutaanza na kumbukumbu ya Shosho, ili wageni waone tunavyowathamini wazee wetu, na mimi ndiye nitakayesoma maneno yake. Picha yake ikakuzwa. Ujumbe ukatumwa kwa simu zote zilizo kwenye faili zetu. Nilikuwa na siku nne za kusema ukweli na kila siku nilijiambia kesho. Usingizi ulikataa. Mchana nikiwa jikoni nyumbani nilikuwa nasikia fimbo ikigonga saruji nje ya mlango, tok, tok, na nikifungua ni maji tu yanadondoka kwenye ndoo.

Jumamosi ilikuja na mawingu mazito, saa nane mchana ukumbi una giza kama jioni na umeme unapungua na kurudi. Mbele palikuwa na picha ya Shosho juu ya meza, mshumaa, na kando yake kiti kitupu kimefunikwa leso nyeupe. Mwalimu ndiye aliyesema kiti kiwekwe. Watu walijaa. Mimi nilikaa karibu na maikrofoni na karatasi zangu, na kila nikiangalia kile kiti leso ilikuwa kama imeshuka kidogo kuliko nilipoiangalia mwanzo.

Mwalimu alianza na wageni. Alisema, na haya nayakumbuka kwa sababu kila neno lilikuwa linanichoma: "Mmeuliza shirika lisilotafuta faida ni nini. Si kwamba halipati kitu. Ni kwamba likipata, hakuna anayekibeba kwenda nacho kwake. Hakuna mwenye hisa, hata mimi niliyelianzisha nikitoka leo natoka mikono mitupu. Mwenye shirika ni yule aliye nyuma ya mlango tunaobisha. Na kwa sababu yeye haji ofisini kutukagua, tunabaki na kitu kimoja tu cha kutulinda, nacho ni kuaminika." Akageuka kwa ile picha. "Huyu mama alituamini. Tusimame, tufumbe macho, tumkumbuke kwa kimya cha dakika moja."

Ukumbi wote ukasimama. Vichwa chini, macho yamefumbwa. Mimi nilijaribu kufumba yangu yakakataa, kwa hivyo ni mimi peke yangu niliyeona mlango wa nyuma ukifunguka.

Aliingia amevaa kanzu nyeupe ya kanisa na kitambaa cheupe kichwani, na mwanga wa nje ukawa nyuma yake, sikuona uso. Nilisikia fimbo. Tok. Tok. Kwa kimya kile sauti yake ilikuwa kubwa sana, na niliona mabega ya watu yakitingishika, lakini hakuna aliyefumbua (baadaye waliniambia kila mmoja alidhani ni yeye tu anayesikia). Alipita katikati ya viti, polepole, bila kumgusa mtu. Alipofika mbele nikamwona uso, mwembamba, macho yale yasiyopepesa, na chini ya jicho la kushoto alama nyeusi ya kuanguka. Aliitazama picha yake. Aliutazama mshumaa. Kisha akageuka, akakalia kile kiti chenye leso nyeupe, akaweka fimbo magotini, akanitazama.

Sikupiga kelele. Nilichofanya ni kupiga magoti pale pale, na ile maikrofoni nimeishika mkononi, na haijazimwa.

"Shosho," nikasema, "nisamehe, najua kilichokutoa huko."

Sauti yangu ilijaa ukumbi mzima. Mimi sikuisikia. Niliona ni mimi na yeye tu.

"Sikuja, Shosho. Jumanne sita sikuja. Nilikuogopa wewe na yule mzee wako wa nyuma ya pazia. Nilikuwa nakunywa chai hotelini na kukuandikia maneno kutoka kichwani mwangu, na siku ile ulipoanguka niliandika uko salama. Hata kusema umepelekwa nyumbani ni mimi nilisema, sijui umezikwa wapi. Usinifuate tena, tafadhali. Nakuomba urudi ulale, na umwambie na mzee Zablon anisamehe."

Kiti kimoja kikaanguka nyuma. Nikainua macho nikaona watu wote wamefumbua, mamia ya macho, mengine kwangu na mengine kwa Shosho. Wageni wawili wa Kiamaiko walikuwa tayari mlangoni, wanang'ang'ania kutoka kwa pamoja. Mama mmoja wa kwaya alikuwa anaomba kwa Kiluhya bila kupumua.

Shosho akauliza, kwa sauti yake ya kila siku, "Kwani nani amekufa?"

Mwalimu Khaemba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alinyoosha mkono akaushika wa Shosho, akaubana, akaushikilia muda mrefu. "Una joto," akasema, na nilimwona machozi yakimtoka.

"Nina kiu," Shosho akasema. "Naomba maji."

Basi yote yakafunguka hapo, mbele ya kila mtu. Mpwa wake, Everlyne, akaingia nyuma yake akihema (alikuwa anambishia mlinzi wa geti aliyekataa kuandika jina la Shosho kwa kitabu, kwa sababu ameliona kwenye tangazo la msiba), naye ndiye aliyeeleza. Shosho alipoanguka, Mama Brayo alimpigia simu Everlyne, na Jumatano asubuhi akamchukua kwenda kuishi naye Mathare. Kuwaacha aliwaacha kweli, alihama. Na ule ujumbe wetu wa msiba, uliotumwa kwa simu zote za kwenye faili, ulifika kwa Everlyne pia, maana namba yake iko kwenye fomu ya Shosho, mahali palipoandikwa mtu wa kupigiwa simu. Namba ambayo mimi niliiandika mwenyewe siku ya kwanza na sikuwahi kuipiga.

"Nilimsomea akiwa anakunywa uji," Everlyne akasema. "Nikataka kuwapigia. Akanikataza. Akaniambia nimpigie pasi kanzu yake, anataka kuja kusikia."

Sitawaficha, watu walicheka. Kwanza kidogo, halafu ukumbi wote, kile kicheko cha watu waliokuwa wameshikwa na hofu, na mimi bado niko magotini. Lakini Shosho hakucheka, na Mwalimu hakucheka. Mwalimu alichukua maikrofoni mkononi mwangu, akawageukia wageni waliobaki.

"Mlikuja kuona tunavyofanya kazi," akasema. "Mmeona. Nawaomba msamaha."

Kiongozi wao, mama mnene mwenye viatu vya mpira vya gamubuti, alifikiria kidogo kabla ya kujibu. "Mwalimu, sisi sokoni hatuhesabu mbuzi kwa macho. Tunapita tukimgusa kila mmoja mgongo. Tutaanzia hapo." Akaaga kwa heshima akaondoka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Watu walipotoka niliandika barua ya kuacha kazi pale pale mezani, kando ya mshumaa ambao hakuna aliyekumbuka kuuzima. Mwalimu hakuipokea. "Mimi sina neno. Mpe mwenye shirika," akasema, akaelekeza kwa Shosho.

Shosho hajui kusoma. Aliishika barua, akaigeuza, akairudisha. "Kwanza nataka kusikia nilichosema," akasema. "Hizo Jumanne sita."

Nikaletewa faili. Nikasoma. Goti linalojua mvua, akatikisa kichwa, hilo si lake. Sabuni isiyo na povu, akasema Zablon hakuwahi kuleta sabuni nyumbani hata siku moja, alikuwa mwoga wa wakubwa wa kiwanda. Ya tatu si yake, ya nne si yake, ya tano si yake. Nikafika ya sita.

"Anasema sakafu ni baridi lakini Zablon amekaa karibu naye, tusihangaike."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati ya ukumbi. Everlyne aliacha kukunja leso.

"Hiyo nilisema," Shosho akasema. "Nililala pale chini tangu asubuhi. Nilisikia mfuko unawekwa kwa kibanda, nikasikia sauti yako. Niliita lakini haikutoka kubwa. Basi nikaongea tu. Nilisema hayo, hivyo hivyo." Akanitazama. "Lakini nilisema peke yangu. Nani alikwambia?"

Sina jibu mpaka leo, na nimelitafuta, niaminini. Mwalimu aliichukua ile fomu, akaisoma mwenyewe, akaangalia tarehe, akairudisha kwenye faili.

"Aje Jumanne," Shosho akamwambia Mwalimu. "Ajue nakaa wapi sasa."

Jumanne nilienda kwa miguu hadi Mathare, mfuko wa unga begani, nikishuka kuelekea mtoni na kuuliza watu njia, nikapanda ngazi za mawe hadi kwenye mlango wa mabati. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi Shosho, kutoka shirika."

Nikabisha tena.

"Shirika halina mkono wa kubisha," sauti ikasema ndani. "Nauliza nani."

"Ni Mumbua."

"Mumbua wa nani?"

"Mumbua wa Kioko. Niliyekosa kuja."

Komeo likavutwa. Nikaingia, nikakaa kitako, na sikuondoka mpaka saa kumi na moja, na nilichoandika siku hiyo nilimsomea kabla sijasimama, neno kwa neno, akaniambia hapa ongeza, hapa toa. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, naye na wale wengine saba. Wenzangu wananicheka kwamba natumia siku nzima kwa mzee mmoja, na huko mtaani bado wanafumba macho nikipita. Wacha wacheke. Mimi nimeapa kwamba sitaandika tena neno la mtu ambalo sikulisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake, na si kwa sababu ya uaminifu peke yake. Naogopa kutunga uongo hotelini, halafu mahali fulani, kwenye sakafu fulani, uwe ndio unasemwa kweli na mtu.